Wimbo Huu ni wa Nani? Taarifa za Nyimbo Kabla ya Nakala Mama ya CD

Msomaji wa Zaburi hukutana, kabla ya wimbo wenyewe, na maneno machache ambayo wengi wetu huyaruka tunaposoma ibadani. Maneno hayo humtaja mwimbishaji, ala za kutumia, mara nyingine jina la tuni iliyojulikana wakati ule, na jina la mtu au la ukoo wa waimbaji. Zaburi ya 4 huagiza ala za nyuzi. Zaburi ya 22 humtaja kulungu wa alfajiri, na wafafanuzi wengi huona kwamba hilo ni jina la tuni. Zaburi ya 88 huwataja wana wa Kora na, katika kichwa hicho hicho, Hemani Mwezrahi. Kwa lugha ya studio za siku hizi tungesema kwamba hizo ndizo taarifa za wimbo. Katika matini ya Kiebrania zaburi 116 kati ya 150 zina vichwa vya namna hiyo. Zile 34 zisizo navyo mapokeo ya Kiyahudi yalizipa jina la yatima.

Ugumu huanzia katika neno dogo. Kihusishi cha Kiebrania kinachotangulia jina la Daudi chaweza kumaanisha kwamba Daudi ndiye aliyetunga, au kwamba zaburi ilitungwa kwa ajili yake, au kwamba ilitoka katika mkusanyo uliobeba jina lake. Mfasiri wa Kiswahili aliandika "ya", na kwa kufanya hivyo aliuhamisha utata ule ule, kwa kuwa "ya" yetu nayo hubeba maana zote hizo. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya neno hilo moja, wala hawajakubaliana. Sasa na tulitazame jalada la CD ya kwaya katika usharika wowote, palipoandikwa "wimbo wa Kwaya ya Vijana". Ni wa kwaya kwa maana gani? Kwaya iliutunga? Iliuimba tu? Au kwaya ndiyo inayomiliki sauti iliyorekodiwa? Mtunzi yu hai, anaketi safu ya tatu kati ya waimbaji wa sauti ya tatu, na jina lake halimo.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi taarifa za nyimbo zinavyopaswa kukusanywa na kutunzwa wakati kwaya inapotayarisha nakala mama ya CD, yaani ile nakala ya mwisho ambayo kiwanda huitumia kutoa nyingine zote, na ambayo mafundi huiita masta. Dai letu ni kwamba taarifa hizo hazizaliwi pamoja na sauti. Zisipoandikwa na kukubaliwa kabla ya nakala mama, hakuna mtambo utakaozibuni baadaye, na mahali pake patajazwa na mtu asiyejua. Ni kweli kwamba katika miaka hii nyimbo nyingi huwafikia wasikilizaji kwa njia ya mtandao na simu, na CD imepungua sana madukani; lakini bado huuzwa milangoni mwa makanisa na kwenye mikutano ya uinjilisti, na karatasi ile ile ya taarifa inayohitajika kwa CD ndiyo itakayodaiwa na wasambazaji wa mtandaoni.

Kilichomo ndani ya diski

Watu wengi hudhani kwamba jina la wimbo limo ndani ya CD kama vile kichwa cha sura kilivyomo ndani ya kitabu. Sivyo. Kiwango cha CD ya sauti kilitungwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, nacho hujulikana kama Kitabu Chekundu kutokana na rangi ya jalada lake. Kiwango hicho kiliagiza kwamba sauti ipimwe mara 44,100 kwa kila sekunde, katika njia mbili za stirio, kila kipimo kikiwa cha biti 16. Kila sekunde imegawanywa katika fremu 75, na kila alama ya kuanzia wimbo huwekwa kwa hesabu ya dakika, sekunde na fremu. Nyimbo, au traki kama mafundi wasemavyo, haziwezi kuzidi 99 katika diski moja, wala traki haiwezi kuwa fupi kuliko sekunde 4.

Sambamba na sauti hupita mkondo mwembamba wa taarifa wenye njia 8, zilizopewa herufi kuanzia P hadi W. Njia ya Q ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Humo mashine husoma namba ya wimbo na muda uliokwisha kupita. Humo pia kuna nafasi ya msimbo wa utambulisho wa kila rekodi, na nafasi ya namba ya bidhaa yenye tarakimu 13. Mwanzoni kabisa mwa diski, kabla ya wimbo wa kwanza, njia hiyo hubeba orodha ya yaliyomo. Lakini orodha hiyo ni namba tupu: wimbo wa kwanza huanzia hapa, wa pili huanzia pale, diski huishia kule. Hakuna jina hata moja. Ilichukua hadi mwaka 1996 ndipo nyongeza iitwayo CD-Text ilipoongezwa, ikitumia njia za R hadi W kubeba maandishi, na hata leo mashine nyingi haziisomi.

Hapo msomaji atauliza: Mbona nikitia CD katika kompyuta majina hujitokeza yenyewe? Mara nyingi majina hayo hayakutoka katika diski. Kompyuta imezitazama zile namba za orodha, mianzo ya nyimbo na urefu wake, ikapiga hesabu, ikaipeleka hesabu hiyo kwenye hazina ya mtandaoni na kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuandika majina ya diski yenye vipimo hivyo. Hazina ya kwanza ya namna hii, CDDB, ilianzishwa mwaka 1993 na kujengwa na watumiaji waliojitolea, kisha ikawa mali ya kampuni iitwayo Gracenote. Nyingine, MusicBrainz, ilianza mwaka 2000 nayo iko wazi kwa yeyote kuandika na kusahihisha. Kwa hiyo jina linaloonekana kwenye kioo laweza kuwa limeandikwa na mgeni asiyejua Kiswahili, aliyenunua CD hiyo safarini na kuinakili jioni moja hotelini. Aidha, yawezekana diski mbili zisizohusiana zikawa na hesabu moja, na kwaya ya usharika ikajikuta inaitwa kwa majina ya bendi ya dansi. Kwaya iliyo makini huingiza majina yake yenyewe katika hazina iliyo wazi mara tu CD inapotoka kiwandani, kabla mwingine hajafanya hivyo.

Vivyo hivyo, jina ambalo fundi ameliandika juu ya faili la sauti katika kompyuta yake haliingii katika CD kwa sababu tu limo katika faili. Ni lazima mtu aliandike tena, kwa makusudi, katika programu inayotengeneza nakala mama.

Nani alifanya nini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo mchungaji anapohitajika kuliko fundi. Katika karatasi ya taarifa, neno "mtunzi" peke yake halitoshi. Kunahitajika angalau safu nne: aliyeandika maneno, aliyetunga tuni, aliyepanga sauti au kuubadili mpangilio wa muziki, na aliyetafsiri. CD-Text yenyewe ina nafasi tofauti kwa mwandishi wa maneno, kwa mtunzi wa muziki, na kwa mpangaji. Studio nyingi hujaza nafasi moja tu, ile ya mwimbaji, kwa sababu hakuna aliyewapa majina mengine.

Tuchukue mfano wa wimbo wa mateso unaoimbwa karibu kila mahali penye Walutheri, "O Haupt voll Blut und Wunden". Maneno ya Kijerumani yaliandikwa na Paul Gerhardt mwaka 1656, naye aliyajenga juu ya shairi la Kilatini la zama za kati. Tuni ilitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601 kwa ajili ya wimbo wa mapenzi. Mpangilio wa sauti nne ambao kwaya nyingi huutumia ni wa Johann Sebastian Bach. Kwaya ikiuimba kwa Kiswahili, yuko pia mfasiri. Ukiandika "Bach" peke yake, kama majalada mengi yanavyofanya, umemtaja mtu mmoja kati ya wanne au watano, na si yeye aliyeandika maneno wala tuni.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa na Mchungaji Bernard Kyamanywa mwaka 1966, kwa tuni ya Wahaya. Howard S. Olson aliutafsiri kwa Kiingereza, Ulrich S. Leupold akauandika kwa Kijerumani mwaka 1969, na katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika miaka ya 1990 ni wimbo namba 116. Kitabu hicho kimeyatunza majina: kinamtaja Leupold, kinaitaja asili ya Kiswahili pamoja na jina la Kyamanywa na mwaka wake, na kuhusu tuni kinasema imetoka Tanzania. Wajerumani wauimbao Pasaka waweza kujua ni wa nani. Sasa tukichukua CD ya kwaya ya hapa hapa nyumbani yenye wimbo huo, tukaona pameandikwa "wimbo wa asili", au pameachwa wazi, tutasemaje? "Asili" ni kweli kwa tuni, wala si kweli kwa maneno. Jina lililovuka bahari salama limepotea likiwa nyumbani.

Neno hilo "asili" lastahili kuangaliwa kwa makini. Mara nyingine ndilo jibu sahihi: tuni haina mtunzi anayejulikana, imepokewa kutoka kwa wazee. Hata hivyo, kusema "asili" tu ni kusema kidogo mno. Asili ya wapi? Kwa lugha gani? Ilifundishwa kwaya na nani, na kutoka kijiji gani? Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki na vyombo vyake vya kurekodi katika miaka ya 1950 na 1952, na ambaye mwaka 1954 aliianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, aliambatanisha na santuri zake kadi zilizotaja lugha, mahali, ala na waimbaji. Tunaweza kubishana naye kwa mambo mengi, maana alikuwa mtu wa zama za wakoloni. Lakini kadi zake ndizo zinazowawezesha watu wa vijiji vile leo kuzitambua sauti za babu zao. Kwaya inayorekodi tuni ya Wahehe, Wagogo au Wapare yaweza kuandika mistari miwili ya namna hiyo bila gharama yoyote.

Upo pia upande wa fedha, ambao watu wa kanisa huona haya kuutaja. Mwaka 1939 huko Johannesburg, Solomon Linda pamoja na kundi lake la Evening Birds alirekodi wimbo "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Kundi la Kimarekani la The Weavers lilipoutoa kwa jina la "Wimoweh" mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahali pa mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwapo. Lilikuwa jina la bandia la kundi lenyewe. Mwaka 1961 ukatokea tena kama "The Lion Sleeps Tonight" na kuenea duniani kote. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na binti zake walifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Yako mengi ya kisheria katika kisa hicho, lakini mstari mmoja mdogo kwenye karatasi ya santuri ulikuwa na sehemu yake.

Sheria zipo. Mkataba wa Bern, katika kifungu kilichoongezwa mwaka 1928, unatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, hata kama ameshauza haki zake za mapato. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, inalinda kazi za watunzi na pia sanaa za mapokeo. Lakini sheria haimjui mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Jambo gumu kuliko yote katika kwaya zetu ni kwamba nyimbo nyingi hazina mtunzi mmoja. Mwalimu wa kwaya alileta ubeti na kibwagizo. Mama mmoja akaongeza ubeti wa tatu wakati wa mazoezi. Mpiga kinanda akabuni mwanzo ambao sasa kila mtu anautambua. Na wimbo ukaitwa wa kwaya. Baada ya miaka minne mwalimu yule anahamia usharika mwingine, anaurekodi tena na kwaya mpya, na mabaraza mawili ya wazee yanakutana kwa hasira. Si kazi ya fundi mitambo kuamua neno hili, naye akiachiwa ataandika lile atakaloambiwa na mtu wa mwisho kumpigia simu. Yafaa kikao cha kwaya kikae mapema, mchungaji akiwapo, wimbo mmoja mmoja usomwe, na muhtasari utaje kwa majina nani aliandika maneno, nani tuni, nani mpangilio, na ni lipi lililotungwa na wote pamoja. Kikao hicho kitangulie siku ya kurekodi, maana baada ya fedha kuanza kuingia kumbukumbu za watu hubadilika. Muhtasari huo utiwe sahihi. Ni kurasa mbili tu.

Katika kikao hicho hicho iulizwe pia rekodi ni mali ya nani: ya usharika, ya kwaya, au ya studio iliyotoa mkopo wa kurekodi? Haki ya rekodi si sawa na haki ya mtunzi, na ndiyo maana majalada huweka alama mbili, herufi C ndani ya duara na herufi P ndani ya duara. Hiyo ya pili huhusu sauti iliyorekodiwa. Mtunzi aweza kuwa mmoja na mwenye rekodi mwingine.

Namba zisizobadilika

Kila rekodi hupewa msimbo uitwao ISRC, ambao shirika la kimataifa la watayarishaji wa muziki, IFPI, husimamia utoaji wake. Una alama 12: herufi mbili za mwanzo, tatu za aliyesajiliwa, tarakimu mbili za mwaka msimbo ulipotolewa, na tarakimu tano za mfululizo. Ni vema kukumbuka kwamba msimbo huu hutambulisha rekodi, hautambulishi utunzi. Wimbo ule ule ukirekodiwa tena baada ya miaka mitano hupata msimbo mpya. Rekodi ile ile ikiingizwa katika CD nyingine ya mkusanyo hubaki na msimbo wake wa kwanza. Studio nyingi hutoa msimbo kwa jina la usajili wao. Hilo haliwafanyi kuwa wenye mali, lakini kwaya iulize na kuiandika misimbo hiyo, la sivyo itabaki katika kompyuta ambayo siku moja itaibiwa. Namba ya bidhaa yenye tarakimu 13 ni ya diski nzima, nayo huhitajika zaidi kwa maduka. Kwaya inayouza mlangoni mwa kanisa yaweza kuendelea bila hiyo.

Msimbo una faida nyingine ambayo mafundi wazuri huijua. Mafaili ya sauti yakipewa majina ya "01", "02", "03", basi siku kamati ya kwaya itakapoamua kwamba wimbo wa saba utangulie, namba zote zitasogea na majina yatabaki nyuma. Hiyo ndiyo chemchemi ya makosa mengi tunayoyaona, ambapo msikilizaji anasoma "Ee Bwana" na kusikia wimbo wa harusi. Kila rekodi ipewe utambulisho wake wa kudumu tangu siku ya kwanza, ISRC au alama yoyote ya kwaya isiyorudiwa, na jina la faili libebe utambulisho huo. Mpangilio wa nyimbo katika diski uwe safu ya pekee katika karatasi, ambayo yaweza kufutwa na kuandikwa upya mara kumi bila kugusa safu nyingine.

Mipaka ya wimbo

Wanafunzi wa Agano la Kale wanajua taabu iletwayo na mipaka. Zaburi ya 9 na ya 10 zimehesabiwa mbili katika Kiebrania na moja katika Septuaginta, ingawa mfululizo wa alfabeti unazipitia zote mbili, na kwa sababu hiyo namba hazilingani hadi karibu na mwisho wa kitabu. Katika CD swali ni lile lile: wimbo unaanzia wapi? Kwa nyimbo zilizorekodiwa studio jibu ni rahisi, na fundi huweka alama fremu chache kabla ya sauti ya kwanza ili mashine isiikate. Kwa ibada nzima iliyorekodiwa kanisani ni vigumu zaidi. Maneno ya mchungaji ya kuukaribisha wimbo ni sehemu ya wimbo upi?

Kiwango cha CD kinaruhusu hila moja: maneno hayo yaweza kuwekwa katika nafasi iliyo kabla ya alama ya wimbo, hivi kwamba anayesikiliza diski mfululizo huyasikia, na anayeuchagua wimbo moja kwa moja huyakosa. Hila hiyo inapendeza, ila sisi hatuipendekezi. CD ikinakiliwa kwenye kompyuta, programu nyingi huibandika nafasi hiyo mwishoni mwa wimbo uliotangulia, na sala ya kufungua itasikika baada ya kibwagizo cha wimbo mwingine. Afadhali maneno marefu yapewe traki yake yenyewe na kutajwa kwa jina.

Tahajia

Kiswahili kina bahati, maana herufi zake zote zimo katika seti ndogo ambayo CD-Text inaitumia. Iko hatari moja tu, nayo ni kiritani cha "ng'". Programu za kuandikia barua huigeuza alama hiyo kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika seti hiyo, na "ng'ara" hutokea kwenye kioo cha redio ya gari ikiwa na alama ya kuuliza katikati. Iandikwe alama iliyonyooka. Lugha zetu nyingine zenye alama juu ya irabu zitahitaji kujaribiwa kwanza katika mashine. Nafasi yenyewe ni ndogo, maelfu machache ya herufi kwa diski nzima, kwa hiyo historia ya usharika iwekwe katika kijitabu cha jalada.

Majina yaandikwe mara moja katika karatasi kuu, kisha yanakiliwe kutoka hapo kwenda kwenye jalada, kwenye uso wa diski, kwenye CD-Text na kwenye fomu za usajili. Yakichapwa upya kila mahali, Elieshi atakuwa Eliesh mahali pamoja na Elishi mahali pengine, na mfumo wa kugawa mirabaha utamhesabu kuwa watu watatu.

Kabla ya kiwanda

Studio hupeleka kazi kiwandani ama kwa diski iliyochomwa ama, kwa usalama zaidi, kwa kifurushi cha mafaili kiitwacho DDP, ambacho hubeba sauti pamoja na mianzo ya nyimbo, misimbo na maandishi. Pamoja nacho hutoka karatasi iitwayo PQ, inayoonyesha kila wimbo, mahali unapoanzia, urefu wake na ISRC yake. Katibu wa kwaya aidai karatasi hiyo. Akae na mwalimu wa kwaya, waisikilize diski ya majaribio tangu mwanzo hadi mwisho, karatasi ya PQ mkono mmoja na muhtasari wa kikao mkono wa pili. Kazi hiyo huchukua saa moja na robo, nayo haiwezi kufupishwa kwa kusikiliza mwanzo wa kila wimbo tu.

Kiwandani taarifa hizo huchorwa kwa leza juu ya kioo. Kioo hicho hufunikwa nikeli, na kutoka katika nikeli hutengenezwa mihuri inayogandamiza plastiki. Baada ya hapo herufi moja haiwezi kusahihishwa ndani ya diski. Kusahihisha ni kutengeneza kioo kipya na kulipa upya. Kwa fedha za kwaya nyingi maana yake ni kuacha kama kulivyo, na kubandika kipande cha karatasi juu ya jalada. Kwa idadi ndogo ya nakala, ambazo huchomwa moja moja bila kioo, marekebisho ni rahisi kidogo, ila zilizokwisha kuuzwa hazirudi.

Karatasi kuu, muhtasari wa kikao, karatasi ya PQ na kifurushi cha DDP vitunzwe katika ofisi ya usharika pamoja na vitabu vya ubatizo, na nakala ipelekwe kwenye kumbukumbu za dayosisi. Nakala moja zaidi apewe kila mtunzi aliyetajwa, naye atie sahihi kwamba ameisoma.